Hili Kalavati la Nani?

Jumanne ya mwisho ya Aprili, mvua ikiwa imekatika tangu alfajiri, kijana mmoja mwenye gambuti na kizibao cha rangi ya chungwa alisimama mbele ya geti langu akachomeka nondo kwenye mtaro. Nondo ikaingia kama kiganja hivi, ikagota. Akaichomoa, akaifuta kwenye majani, akageuka kututazama. Tulikuwa watu kama tisa: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mzee jirani yangu wa bondeni, akina mama wawili waliotoka na kanga mabegani, watoto waliokosa shule kwa sababu ya mvua, na mimi.

"Hili kalavati la nani?"

Nikanyamaza.

Kila aliyekuwepo alijua. Kalavati liko mbele ya geti langu, na vichuma vyake vya pembeni vimepakwa rangi ileile ya bluu ya geti langu. Mzee akakohoa, akatazama mawingu. Mtoto mmoja akafungua mdomo, mama yake akamshika bega. Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa: "La hapahapa." Kijana akaandika kitu kwenye daftari lake, akashuka kwenda geti linalofuata.

Hakuna aliyenipiga faini siku ile, wala aliyenisema. Lakini wiki sita sasa ule ukimya wa sekunde tano haujaniachia. Nikiwa naosha vyombo, unanirudia. Nikiwa kwenye foleni ya Makongo, unanirudia. Mimi ni mtu wa kuongea. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu mimi ndiye ninayeitwa "mwanasheria", japo sheria sijaisoma. Siku nilipoulizwa swali jepesi kuliko yote, sikuwa na sauti.

## Septemba hakuna maji

Anayeijua Goba, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, anajua kuwa ni milima na mabonde, na kwamba barabara zetu za ndani ni moramu inayoshuka. Mvua ikinyesha kila tone linataka kwenda chini, na njia yake ni mtaro uliochimbwa kando ya barabara. Ukitaka gari liingie kwako, lazima uvuke mtaro huo.

Nilihamia mwaka 2018, mwezi Septemba. Vumbi lilikuwa la kufuta kwa ufagio. Fundi alileta bomba moja la inchi nane, akalilaza mtaroni, akafunga nondo, akamwaga zege juu. Siku mbili tu. Nakumbuka kumuuliza kama bomba halikuwa dogo. Akacheka: "Mama, hapa maji hayapiti mengi."

Alikuwa anautazama mtaro ambao mwezi ule haukuwa na hata chura.

Masika ya kwanza bomba lilimeza kila kilichotoka juu: mchanga, chupa, viatu vya watoto, na ile mifuko ya plastiki iliyokuja kupigwa marufuku Juni 2019, japo huku kwetu mpaka leo inaonekana haikupelekewa taarifa. Bomba likaziba. Maji yakafika kwenye kalavati, yakakosa pa kupita, yakaruka juu, yakakata barabara kwa mshazari na kuingia kwa mzee.

Kwa mzee kuna banda la kuku, kuna mgomba, na kuna shimo la choo lenye mfuniko usiobana. Malizia mwenyewe.

Mzee alikuja kwangu mwaka ule. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa kibarazani. Akasema, "Mwanangu, maji ya mwaka huu mengi." Nikamjibu ni kweli, mengi sana. Akanywa chai, akaondoka. Mwaka uliofuata alikuja tena, maneno yaleyale. Mimi nami nikajibu yaleyale.

Ninachokiona sasa, ambacho labda wakati ule nilikiona pia nikakifunika, ni kwamba mzee hakuja kuzungumzia hali ya hewa.

## Wahusika

Masika ya mwaka huu nilipiga picha. Barabara imekatika, maji ya kahawia yanakwenda kwa mzee kama yamealikwa. Nikazitupia kwenye kundi na maneno matatu: "Wahusika mko wapi?" Vidole gumba vikamiminika. Mmoja akaandika kwamba kodi tunalipa lakini hatuoni kitu. Mwingine akamtaja diwani. Nikajiona mtu wa maana.

Kwa joto lile nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji ni binti mdogo, nadhani hajafika thelathini, na mezani kwake kulikuwa na foleni ya watu wanaotaka barua za utambulisho wa benki na za dhamana. Zamu yangu ilipofika nikamwaga hasira. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mama, unalalamikia maji gani?"

Maji gani? Maji!

Akageuza karatasi akachora. Maji ya bomba na maji taka, DAWASA. Maji ya mvua yanayopita mtaro wa barabara yana mwenye barabara, na barabara zetu za mitaani tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. Zile kubwa, zinazounganisha mikoa, ni za TANROADS. Taka ni za halmashauri, ambayo inampa mkandarasi. Wewe ukimlipa kijana wa guta anayepita saa kumi na mbili asubuhi bila risiti, akazimwage korongoni, hapo umetoka kwenye mchoro.

Nilibaki nautazama mchoro. Miaka saba naishi hapa na nilikuwa nikiita vyote hivyo "manispaa". Nilidhani kuna mlango mmoja wenye mtu mmoja aliyelala nyuma yake. Na sikuwa peke yangu. Kabla ya 2017 barabara hizi kweli zilikuwa za halmashauri, kwa hiyo tuliozoea kumkimbilia diwani tuliendelea kumkimbilia, naye akaendelea kupokea simu zetu, maana diwani anayesema "hiyo si yangu" hana muda mrefu mjini.

Jambo jingine aliloniambia lilinishangaza zaidi. Nilikuwa nimemtaka mwenyekiti atunge sheria ya mtaro pale mtaani. Mtaa hauwezi. Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mtaa wa mjini hauna. Za mjini hutungwa na baraza la madiwani, zinakwenda kwa waziri, zikipita zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Gazeti hilo sijawahi kuliona likining'inia pale kituoni pamoja na ya michezo.

Mtendaji akaniahidi kupeleka taarifa ili fundi aje kutazama. Alitimiza. Ndiyo ile Jumanne.

Kwa hiyo mhusika nilimwita mwenyewe.

## Elfu moja na mia tano

Wiki ileile, na hili naliandika hapa kwa sababu kichwani mwangu yamekuwa jambo moja, mpangaji wangu wa nyumba ndogo ya uani alikuja na simu mkononi. Alikuwa amenunua umeme wa elfu tano, mfumo ukakata shilingi 1,500 kwanza. "Mama," akasema kwa adabu, "mimi sina jengo hapa mjini."

Kodi ya majengo kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kulianza mwaka 2021. Nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hesabu yake nyingine, na ndefu zaidi. Kodi ni ya mwenye jengo. Mita imegeuzwa tu kuwa karani wa kukusanya, na karani huyo hajui nani anamiliki na nani amepanga. Anamkata anayenunua umeme.

Mpangaji alipoingia Januari 2022 aliniuliza kuhusu makato hayo. Nilimwambia, "Hayo mambo ya LUKU hayo." Yalipopanda akauliza tena, nikampa jibu lilelile kwa sauti ya mtu mwenye haraka.

Je, nilikuwa sijui? Hapa ndipo panapouma. Nilikuwa najua nusu. Nilijua kuna kitu kinaitwa kodi ya majengo, na nilijua mimi ndiye mwenye jengo. Kuunganisha hayo mawili kungenigharimu, kwa hiyo sikuyaunganisha. Nikakaa kwenye kutojua kwangu kama mtu anayekaa kivulini.

Tulikaa kibarazani na kalamu. Miezi 18 ya elfu moja, miezi 22 ya elfu moja na mia tano. Shilingi 51,000. Nilimkatia kwenye kodi ya Mei. Alishukuru kupita kiasi, na shukrani zake ziliniaibisha kuliko ambavyo angenifokea.

## Ukiuliza, unaandikwa

Nimejaribu kujitetea. Nina mashahidi.

Mjini kwetu sheria ya ardhi na ujenzi humfikia mwananchi ikiwa rangi. Unaamka asubuhi unakuta X ukutani, yaani nyumba ni ya kuvunjwa. Mwaka 2017 nilikuwa napita Barabara ya Morogoro kila siku kwa daladala wakati nyumba za Kimara kwenda Kiluvya zinavunjwa kupisha upanuzi. Abiria wote tulikuwa tunatazama upande mmoja na hakuna aliyeongea. Kulikuwa na nyumba imebaki choo tu, kimesimama, na mlango wake umefungwa kwa kufuli. Kabla ya hapo, Desemba 2015, ilikuwa bonde la Msimbazi. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza, kwa kutazama tu, kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kwenye nyumba za barabarani ndiko tulikojifunza kwamba X zina rangi: ya kijani ni ya yule aliyefuatwa na barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipoongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, huyo ana fidia. Nyekundu ni ya yule aliyeifuata barabara mwenyewe, huyo hana.

Somo likifundishwa kwa tingatinga, mwanafunzi anajifunza kitu kimoja: jifiche.

Ndiyo maana rafiki yangu aliyejenga kabla yangu alinionya, "Usiende kuuliza uliza maofisini. Ukiuliza, unaandikwa." Nikamsikiliza. Nilipokuwa najenga nilimuuliza dalali, nikamuuliza fundi, nikamuuliza muuza tofali. Ofisa hata mmoja sikumuuliza. Kibali cha ujenzi wa nyumba nilikuwa nacho kwa sababu benki ilikitaka. Kalavati benki haikulitaka.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka kijana wa nondo aliponionyesha. Kiwanja changu kimepimwa. Kina bikoni nne, na mimi nazijua zote. Moja iko chini ya mwarobaini, nyingine niliijengea kabisa kisanduku cha tofali isije ikang'olewa. Mtu akisogeza uzio wake nusu futi kwangu, nitalala polisi. Sasa simama kwenye bikoni ya mbele, tazama barabarani. Kalavati lote liko nje. Ni kitu pekee nilichojenga kwenye ardhi isiyo yangu, na ndicho ninachokanyaga kila siku kuingia kwangu.

Kugusa hifadhi ya barabara kunahitaji ruhusa ya mwenye barabara. Hata kama ni kwa ajili ya geti lako. Hata kama ni bomba moja tu. Sikujua. Na safari hii kweli sikujua; lakini nimeshasema jinsi kutojua kwangu kunavyofanya kazi, kwa hiyo sitashangaa usiponiamini.

## Kila mtu na bomba lake

Baada ya ile Jumanne nilihesabu. Kutoka dukani hadi bondeni kuna mageti kumi na manne. Kumi na moja yana mabomba kama langu, mengine madogo zaidi. Kati ya hao kumi na mmoja, mmoja ametumia pipa la mafuta lililokatwa pande zote mbili. Wawili wanaacha gari nje na kuvuka kwa ubao. Mmoja tu, mwalimu mstaafu wa juu kabisa, ana mtaro wazi wenye mifuniko ya zege inayoinuliwa. Siku zote nilidhani ni ushamba.

Kwa hiyo likaja shaka jingine. Kwa nini nivunje mimi? Nikivunja langu na kumi wabaki, maji yatabadilika nini? Nilikaa na swali hilo siku kadhaa na nikaanza kulipenda, kama mtu anavyopenda swali linalomruhusu kukaa.

Halafu kuna lile ambalo hatuliandiki kwenye kundi.

Jiji letu kwa sehemu kubwa halina bomba la maji taka la kuunganisha choo. Tuna mashimo. Shimo likijaa unaita gari la kunyonya, unalipa. Au unasubiri. Mvua kubwa ya saa nane usiku, mtu anatoka na nyundo, anafungua kitoleo kilichozibwa kwa tofali, na mvua inabeba. Tunaita kutapisha choo. Ni kosa, na kila aliyepitia miaka ya kipindupindu anajua kwa nini. Mvua ikinyesha usiku ukafungua dirisha, harufu inakwambia ni nani, maana kila mtu anajua mvua ya jana ilianza kunuka kuanzia geti lipi.

Hakuna anayesema. Mimi sijawahi kutapisha, naapa, lakini sijawahi kusema pia. Na nimegundua sababu. Nikimsema wa juu yangu kwa choo chake, atanisema kwa bomba langu. Nikimsema wa mkono wa kushoto kwa baa aliyofungua chumbani, atauliza mpangaji wangu analipa kodi ya nani. Tumeshikana. Tunauita huu ujirani mwema, na kwa kiasi fulani ni kweli. Misiba tunazikana, harusi tunachangiana. Lakini chini yake kuna mkataba usioandikwa: nifunike nikufunike.

Aliye nje ya mkataba ni yule anayekaa mwisho wa mteremko.

Au ndivyo nilivyodhani.

## Futi tatu

Nilimfuata mzee Jumapili jioni. Nilibeba sukari kilo mbili, nikaona aibu njiani, nikataka kurudi nayo. Nilimkuta anafuma kamba ya kufungia mbuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Nikamwambia moja kwa moja kwamba maji yanayomwingilia yanatoka kwangu, kwamba kalavati ni langu na nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Akaendelea kufuma.

"Najua. Tangu masika ya kwanza."

"Mbona hukuniambia mzee?"

"Nilikuja. Mara mbili."

Kweli alikuja. Nikamwambia angesema wazi, angekwenda hata kwa mwenyekiti. Akaweka kamba chini, akanionyesha ukuta wake kwa kidevu. Ukuta wa tofali za kuchoma, wa zamani, umeota ukoka juu.

"Huo umeingia barabarani futi tatu. Nilijenga kabla hapajapimwa. Wakija kupima maji yako, watapima na ukuta wangu."

Nilikaa pale mpaka mbu wakaanza. Shimo lake la choo limejaa maji misimu mingapi? Kuku wangapi? Amebeba yote hayo kwa ajili ya futi tatu. Na pengine futi hizo si kosa hata kidogo. Pengine mtu aliyekuwepo kabla ya upimaji ana haki zake zinazoeleweka, na angeambiwa hivyo siku ya kwanza angeuliza. Lakini hakuuliza, kwa sababu ileile iliyonifanya mimi nisiulize. Tofauti yetu ni kwamba mimi niko juu.

Nilimwambia twende wote kwa mtendaji. Akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria, na sijamsukuma.

## Vipande vitano

Ofisini TARURA nilikokwenda kuomba ruhusa sikuandikwa popote kwa ubaya. Naliweka hili wazi kwa faida ya rafiki yangu. Nilikwenda na barua iliyopita kwa mtendaji, nikamkuta kijana yuleyule wa nondo, safari hii amevaa shati la mikono mirefu, na hakunikumbusha kitu. Alichora: mtaro uachwe wazi kwa upana wake wote na kina chake chote, kuta mbili za zege pembeni, juu yake mifuniko ya zege yenye nondo, vipande vitano, kila kimoja na vishikio viwili ili vijana wawili wakiinue na kuzoa mchanga. "Bomba huwezi kulizoa," alisema. "Likiziba, limeziba. Mfuniko unainua."

Kama kwa mwalimu mstaafu. Ushamba uleule.

Fundi wangu alipouona mchoro akasema aliujua siku zote. Nikamuuliza kwa nini basi aliniwekea bomba. "Mama, wewe ulitaka rahisi." Sikuwa na la kumjibu. La kwanza lilinigharimu laki mbili na themanini. Hili jipya laki saba na kitu, bila kuhesabu chai. Nimejaribu kulichukia hilo ongezeko la bei, lakini kila nikipiga hesabu ya kuku wa mzee hasira inapoa.

Lile shaka la mageti kumi na moja halijaondoka. Nilimuuliza kijana. Alisema langu liko kwenye kona, na ndipo maji yote yanapokata kwenda bondeni. Likifunguka, mtaro utayachukua mpaka chini hata kama ya juu yanafurika kidogo. Kwa hiyo kuna jibu la kihandisi. La majirani sina. Niliandika kwenye kundi kwamba kalavati lililoziba ni langu na nalivunja. Kundi ambalo huwa halilali lilinyamaza saa nzima. Kisha mmoja akaweka kidole gumba. Kisha mtu akatuma tangazo la mandazi.

Tulivunja Jumamosi ya mwisho ya Mei, siku ya usafi, maduka yamefungwa hadi saa nne. Niliichagua makusudi ili wapite waone. Nyundo ya kwanza ilipolivunja zege, maji yaliyotulia mle ndani yalitoka meusi, yananuka, na katikati ya matope kulikuwa na kandambili ya kijani ambayo mwanangu aliililia mwaka 2021. Mwalimu mstaafu alisimama kidogo na fagio lake, akatazama, akasema "Eeh," akaendelea na safari. Siku mbili baadaye jirani mwenye pipa la mafuta alikuja jioni, peke yake, akauliza mifuniko inauzwaje.

Zege halijakauka vizuri bado, na fundi amekataza gari lisipite hadi siku kumi na nne zitimie. Nikahitaji pa kulaza gari. Kwenye barabara yetu yenye nafasi uani ni mmoja tu. Nikashuka kwa mzee.

"Lete tu," akasema. "Elfu moja kwa usiku."

"Mzee! Hata mimi?"

"Hasa wewe, mwanangu."